MAARIFA YA NYUMBANI: Kompyuta ya Kwanza ya Michezo na Vipuri Vinavyopatana

Katika nyumba za askari mjini Kampala, iwe katika kambi za polisi za Nsambya na Naguru au kambi ya jeshi ya Mbuya, likizo za shule huja na ombi ambalo wazazi wengi wamekwisha kulizoea. Kijana amechoka kucheza mpira katika simu ya mama yake. Sasa anataka kompyuta, tena iwe na nguvu ya kuendesha michezo inayochezwa na wenzake. Bei ya kompyuta iliyokamilika ikitajwa dukani, baba hunyamaza. Ndipo kijana anapoleta shauri jipya: vinunuliwe vipuri kimoja kimoja, kisha viunganishwe nyumbani kwa gharama ndogo.

Shauri hilo si baya. Anayechagua vipuri mwenyewe hulipia kile anachokihitaji tu, na kipuri kikiharibika hubadilishwa hicho peke yake. Lakini fedha ya askari haipatikani kwa urahisi. Aghalabu ni akiba ya miezi mingi, au ni mkopo wa chama cha akiba kama vile Wazalendo SACCO ya wanajeshi au Exodus SACCO ya polisi, ambao utakatwa katika mshahara hata kama kompyuta haikuwaka. Kwa hiyo, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni, nyumba nzima yafaa ielewe jambo moja, nalo ni kupatana kwa vipuri.

Askari hahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo. Risasi ya milimita 9 yaweza kuwa mpya na nzuri kabisa, lakini haina kazi katika bunduki ya milimita 7.62. Kosa si la risasi wala si la bunduki. Kosa ni la aliyevikutanisha. Vipuri vya kompyuta ni vivyo hivyo. Vipuri vikuu ni saba: prosesa, ubao mama, kumbukumbu, kadi ya michoro, diski, kisanduku cha umeme na kasha. Kila kimoja chaweza kuwa kizima dukani, na bado kikakataa kufanya kazi na jirani yake.

KUSUDI KABLA YA KIPURI

Swali la kwanza ni michezo gani itakayochezwa, na kwa skrini ya namna gani. Mchezo kama Counter-Strike 2 hutegemea sana prosesa, ilhali michezo mikubwa yenye miji na mandhari pana huilemea kadi ya michoro. Kila mchezo huuzwa pamoja na orodha mbili za mahitaji: kiwango cha chini cha kuuwezesha kufunguka, na kiwango kinachopendekezwa ili uchezwe kwa raha. Mnunuzi na aandike michezo mitatu anayoitaka zaidi, kisha afuate orodha ya pili.

Ama kuhusu skrini, ile ya nukta 1920 kwa 1080 inatosha kabisa kwa mwanzo. Skrini yenye nukta nyingi zaidi huitaka kadi ya michoro ya bei kubwa zaidi, na hapo ndipo bajeti nyingi zinapovunjika. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi orodha ya vipuri, bei zake na alama zake kamili iandikwe katika daftari, na daftari hilo liende dukani pamoja na mnunuzi.

PROSESA NA UBAO MAMA

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Hukaa katika kitako kiitwacho soketi, kilichomo katika ubao mama, na soketi haikubali prosesa isiyo yake. Kwa upande wa kampuni ya AMD, soketi AM4 ilianza mwaka 2016 na ikapokea prosesa za Ryzen kuanzia mwaka 2017. Ilipofika mwaka 2022 ilifuatiwa na soketi AM5. Kwa upande wa Intel, soketi LGA1200 ilitumiwa na prosesa za kizazi cha 10 na cha 11, nayo LGA1700, iliyotoka mwaka 2021, ikatumiwa na kizazi cha 12, 13 na 14.

Hata hivyo jina la soketi peke yake halitoshi. Mfano unaowapoteza wengi ni soketi LGA1151 ya Intel. Prosesa za kizazi cha 6 na cha 7 hukaa katika soketi hiyo, na za kizazi cha 8 na cha 9 vilevile. Lakini mbao zilizotengenezwa kwa ajili ya kizazi cha 6 na cha 7 hazikuandaliwa kuendesha kizazi cha 8. Prosesa itaingia vizuri, kifuniko kitafungwa, na kompyuta haitaonyesha picha. Muuzaji anayesema, «Zote ni 1151, afande,» amesema nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni chipseti, yaani kundi la saketi za ubao linalojulikana kwa herufi na tarakimu kama B450, B550, H610 au B660. Hilo nalo liandikwe katika daftari.

Jambo la tatu ni baiosi, ile programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya ubao, ambayo huuamsha kabla ya kitu kingine chochote. Ubao wa AM4 uliokaa muda mrefu katika rafu ya duka waweza kuwa na baiosi ya zamani isiyoitambua prosesa iliyotoka baadaye. Dawa yake ni kuisasisha baiosi, kazi ambayo fundi huifanya kwa muda mfupi, lakini yapaswa kufanywa kabla ya malipo kukamilika. Orodha ya prosesa zinazokubaliwa na kila ubao hutolewa na mtengenezaji wa ubao huo. Kijana mwenye simu aweza kuisoma akiwa papo hapo dukani.

Herufi iliyo mwishoni mwa jina la prosesa nayo ina maana. Prosesa ya Intel yenye herufi F, kama Core i3-12100F, haina uwezo wa kutoa picha bila kadi ya michoro. Ndugu yake asiye na herufi hiyo, Core i3-12100, ana uwezo huo. Kwa AMD wa soketi AM4, Ryzen 5 5600 haitoi picha peke yake, lakini Ryzen 5 5600G hutoa. Familia isiyoweza kununua kadi ya michoro katika mwezi wa kwanza haina budi kuiangalia herufi hii kuliko kitu kingine.

KUMBUKUMBU

Kumbukumbu inayotajwa hapa ni ile ya muda, iliyo katika vibao vyembamba. Iko ya DDR3, DDR4 na DDR5, na kila aina ina pengo lake chini ya kibao, mahali pasipolingana na pa nyingine, ili mtu asiweze kuikosea. Kibao kisichoingia kisilazimishwe. Soketi AM4 hutumia DDR4. AM5 hutumia DDR5 peke yake. LGA1700 ndiyo yenye mtego: ziko mbao zake za DDR4 na ziko za DDR5, na ubao mmoja hukubali aina moja tu. Kadhalika kumbukumbu ya kompyuta ya mapajani ni fupi, na haiingii katika ubao wa kompyuta ya mezani.

Kwa michezo ya siku hizi, gigabaiti 16 ndicho kiwango cha busara. Ni bora kununua vibao viwili vya gigabaiti 8 kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa vibao viwili hufanya kazi kwa pamoja na kuongeza kasi. Faida hiyo huonekana zaidi katika prosesa inayotoa picha yenyewe, maana prosesa ya namna hiyo huazima kumbukumbu hiyohiyo kwa kazi ya picha. Mnunuzi ajue pia kwamba katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei za kumbukumbu zilipanda sana ulimwenguni, kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu zao katika kuhudumia vituo vikubwa vya akili bandia. Hivyo bei aliyoisikia kwa rafiki aliyenunua mapema isiwe msingi wa hesabu yake; aulize upya katika maduka matatu.

KADI YA MICHORO

Katika kompyuta ya michezo, kadi ya michoro ndiyo inayokula sehemu kubwa ya fedha, na ni haki yake. Ikiwa bajeti yote imegawanywa katika mafungu 100, si ajabu mafungu 35 hadi 40 kwenda huko. Kupatana kwake kuna sura tatu.

Sura ya kwanza ni nafasi. Kadi nyingine ni ndefu kuliko kasha, na nyingine ni nene kiasi cha kuziba nafasi ya jirani. Urefu wake kwa milimita upimwe, nalo kasha lipimwe ndani. Sura ya pili ni umeme. Tundu la ubao mama humpa mgeni wake wati 75 tu. Kadi kama GTX 1650 katika umbo lake la kawaida, au GTX 1050 Ti iliyotoka mwaka 2016, zaweza kuridhika na kiasi hicho. RX 6600, inayotumia takriban wati 132, yahitaji pia waya wa pini 8 kutoka katika kisanduku cha umeme. Kisanduku kisipokuwa na waya huo, kadi hiyo haina mahali pa kula.

Sura ya tatu ni njia ya mawasiliano kati ya kadi na prosesa, jambo ambalo wauzaji ni nadra kulitaja. RX 6400 na RX 6500 XT hutumia njia 4 tu. Katika ubao na prosesa za kisasa zenye njia za kasi, hilo si tatizo kubwa. Katika mashine ya zamani kadi hizo hupunguzwa nguvu, na fedha ya mnunuzi hupungua thamani pamoja nazo. Mwenye mashine kuukuu atafanya vyema kuchagua kadi nyingine.

KISANDUKU CHA UMEME

Wako wanaonunua vipuri vyote vizuri, kisha wakafunga hesabu kwa kisanduku cha umeme cha bei ya chini kabisa. Hilo ni sawa na kumwekea mlinzi mlevi langoni mwa ghala. Kisanduku kibovu hakifi peke yake. Chaweza kuondoka na ubao mama, diski na kadi.

Hesabu yake si ngumu. Prosesa ya Ryzen 5 5600G yaweza kufikia wati 88 inapofanya kazi kwa bidii; kadi ya RX 6600 wati 132; ubao, diski, kumbukumbu na feni ziwekewe wati 60. Jumla ni wati 280. Kisanduku halisi cha wati 500 chenye alama ya 80 Plus kitaibeba kazi hiyo bila kuhema, na kitaacha nafasi ya kadi kubwa kidogo siku za usoni. Neno «halisi» lizingatiwe: ziko sanduku zilizoandikwa wati 600 ambazo ni nyepesi mkononi kama kopo tupu. Uzito si ushahidi wa mwisho, lakini wepesi wa kupindukia ni onyo.

Umeme wa Uganda ni wa volti 240, nao hukatika na kurudi kwa kishindo. Kifaa cha kusawazisha volti, au betri ya akiba ya kompyuta, kihesabiwe kuwa ni kipuri cha nane. Soketi ya ukutani iwe na waya wa ardhi unaofanya kazi. Ngurumo zikianza upande wa ziwa, plagi ichomolewe. Mama mwenye nyumba naye ana hesabu yake ya Yaka: mashine inayotumia wati 250 pamoja na skrini, kwa saa 3 kila siku, hula uniti 22.5 kwa siku 30. Saa za mchezo na zipangwe kwa kuijua hesabu hiyo, wala si kwa ugomvi wa mwisho wa mwezi.

KASHA NA DISKI

Ubao mama una vipimo vyake. Ule wa kawaida uitwao ATX ni milimita 305 kwa 244. Micro ATX ni 244 kwa 244. Mini ITX ni 170 kwa 170. Kasha kubwa hupokea ubao mdogo, lakini kasha dogo halipokei ubao mkubwa. Kwa bajeti ndogo, Micro ATX hufaa. Vumbi jekundu la Kampala linataka kasha lenye vichujio vinavyotoka na kusafishwa, nalo liwekwe juu ya meza, si sakafuni. Kioo cha pembeni na taa za rangi haviongezi kasi hata kidogo. Kipya kinyemi, lakini fedha ya taa hizo ni afadhali iende kwenye kisanduku cha umeme.

Diski isiyozunguka, yaani SSD, ndiyo ya kununua kwa mfumo na michezo. Ile nyembamba inayochomekwa juu ya ubao ina aina mbili, NVMe na SATA. Umbo lao hukaribiana, lakini baadhi ya matundu hukubali aina moja tu. Ubao usiokuwa na tundu hilo hutumia diski ya SATA ya inchi 2.5 yenye waya wake.

NJIA YA KOMPYUTA YA OFISI ILIYOTUMIKA

Familia nyingi huanza kwa kompyuta iliyotumika ofisini, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, kisha zikaiongezea kadi ya michoro. Njia hii ni nafuu kweli, ila ina mashimo matatu.

La kwanza ni kasha lile jembamba. Kadi ya kawaida haisimami humo. Hutakiwa kadi fupi yenye bamba fupi la kufungia. Ni heri kutafuta mashine ile ya kasha refu. La pili ni umeme. Kisanduku chake ni kidogo, aghalabu hakina waya wa kadi, na mashine nyingine zina plagi ya ubao isiyo ya kawaida, hivyo kisanduku cha duka hakiwezi kukishika kiti cha kile cha zamani. Kwa mashine za namna hii, kadi isiyozidi wati 75 ndiyo ya salama. La tatu ni umri. Huduma ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa jumla, hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, au Ryzen za mfululizo wa 2000 na kuendelea, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta ya kizazi cha 4 inayouzwa kwa bei ya kutupa yaweza kucheza michezo ya zamani, lakini mnunuzi ajue anachokinunua.

MPANGO WA HATUA MBILI

Kwa nyumba ambayo fedha zake huja kwa mafungu, uko mpango unaofaa. Katika hatua ya kwanza hununuliwa Ryzen 5 5600G, ubao wa B550 wa Micro ATX wenye tundu la picha na baiosi iliyosasishwa, vibao viwili vya DDR4 vya gigabaiti 8, diski ya NVMe, kasha, na kisanduku cha wati 500. Mashine hiyo huwaka na kuonyesha picha bila kadi. Kijana atacheza michezo myepesi, na dada yake atafanya kazi za shule. Katika hatua ya pili, baada ya miezi kadhaa ya akiba, huongezwa kadi kama RX 6600. Hakuna kipuri cha kwanza kinachotupwa, wala hakuna deni jipya linalolazimishwa.

Kinyume chake ni kununua kadi kubwa kwanza na kuiweka kabatini ikisubiri wenzake. Miezi ya dhamana hupita ikiwa kabatini, na siku itakapogundulika kuwa mbovu, muuzaji atakuwa amekwisha kusamehewa na karatasi yake mwenyewe.

DUKANI

Katika maduka ya Barabara ya Kampala na mitaa iliyo chini yake, mnunuzi asilipe kabla ya kuona. Kipuri kilichotumika kiwashwe mbele yake. Ziko kadi za michoro za zamani zilizobadilishwa baiosi ili zijitangaze kuwa ni GTX 1050 Ti, na mchezo hufunguka kwa dakika chache kisha ukazimika. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huzifichua nyingi kati ya hizo. Kadi na iendeshe mchezo kwa nusu saa, nayo feni isikilizwe. Katika soketi za Intel pini ziangaliwe kwa tochi ya simu. Katika prosesa za AM4 pini ziko chini ya prosesa yenyewe. Pini moja iliyopinda yatosha kuiharibu safari nzima.

Risiti iandikwe jina kamili la kipuri, namba yake ya mfululizo, na siku za dhamana. Neno «kadi» au «mashine» peke yake halimsaidii mtu anayerudi kudai. Na muuzaji akikataa kuandika kuwa vipuri viwili alivyoviuza vinapatana, huko kukataa ni jibu tosha.

Mwisho, orodha ifanyiwe ukaguzi kwa mpango huu: soketi na prosesa, chipseti na kizazi, baiosi, aina ya kumbukumbu, picha bila kadi au kwa kadi, urefu wa kadi na kasha, wati na nyaya, tundu la diski. Ni mambo manane. Mzazi asiyejua kompyuta aweza kumwita kijana wake, akamtaka ayaeleze yote manane kwa kinywa chake mbele ya daftari. Kijana akikwama katika moja, fedha na ibaki ilipo mpaka apate jibu lake.

Juma lijalo: namna ya kuviunganisha vipuri hivyo juu ya meza ya nyumbani, na kuiwasha mashine kwa mara ya kwanza.